Chupa Nane za Unga wa Kuchakaza Treni za Mfano: Tathmini Baada ya Miezi Minne

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia seti moja ya unga wa rangi uliotengenezwa mahsusi kwa kuchakaza treni za mfano, yaani kuzipa kutu, masizi, vumbi na madoa ambayo treni halisi huyapata kazini, na kwa kuwa chupa moja imekwisha na nyingine tatu zimefika nusu, ninaweza kuieleza seti hii nikiwa na uhakika. Ndani ya sanduku mna chupa nane ndogo za unga mkavu, chupa ya kimiminika cha kugandishia unga huo, brashi mbili na kijikaratasi cha maelekezo. Nianze na uamuzi wangu: unga ni bora kuliko wowote niliowahi kuushika, kimiminika hakifai, na kijikaratasi kinampotosha mtu kwa sababu kinauzungumzia uchafu kana kwamba ni rangi ya kupaka, ilhali kila doa kwenye treni lina mahali lilipotoka na sababu iliyolileta.

Niliijaribu kwenye injini ya mvuke ya kipimo cha 1:76, mfano wa Class 5 ya LMS, kampuni ya zamani ya reli ya Uingereza, ambayo Waingereza huiita Black Five, pamoja na mabehewa sita ya chuma ya kubebea makaa, yale ya tani 16. Sikuichagua injini hiyo kwa kubahatisha. Zilijengwa 842 kati ya mwaka 1934 na 1951, na baadhi yake zilibaki kazini hadi Agosti 11, 1968, siku ambayo British Railways, shirika la reli la taifa, iliendesha treni yake ya mwisho ya abiria ya mvuke kwenye njia kuu. Katika miaka ile ya mwisho wasafishaji walikuwa wachache na hapakuwa na sababu ya kugharimia mashine iliyokuwa ikingoja kuvunjwa, kwa hiyo picha za wakati huo zinaonyesha injini nyeusi ambazo weusi wake si wa rangi tena bali wa masizi, mafuta na vumbi vilivyoshikamana, na mara nyingi mahali pekee palipofutwa kwa kitambaa ni pale penye namba, chini ya dirisha la dereva. Nilizibandika picha kadhaa za aina hiyo ukutani mbele ya meza yangu kabla ya kufungua chupa hata moja, na ningemshauri kila mtu afanye vivyo hivyo kwa injini yake, hata kama ni ya dizeli au ya umeme.

Unga wenyewe umesagwa laini sana. Ukichukua kidogo na kuusugua kati ya vidole husikii chembe, na huo si ubora wa kujivunia tu. Katika kipimo cha 1:76, milimita moja ya mfano ni sawa na milimita 76 za treni halisi, kwa hivyo chembe ya nusu milimita, ambayo kwetu ni vumbi, kwenye injini halisi ingekuwa donge la karibu sentimita nne. Hapo ndipo chaki za rangi zilizosagwa kwa msasa, ambazo wengi wetu tulianza nazo, zinaposhindwa, kwani huacha chembe zinazoonekana na rangi yake hupotea karibu yote mara tu zinapoguswa na vanishi. Unga wa seti hii nao hufifia chini ya vanishi, lakini kwa kiasi ambacho unaweza kukizoea na kukikadiria mapema.

Chupa iliyokwisha ni ya kijivu cha majivu, na kuna sababu. Mfano ukitazamwa kutoka umbali wa sentimita 60, ni sawa na kuitazama injini halisi kutoka umbali wa mita 46 hivi, na kwa umbali huo hewa na mwanga hupunguza ukali wa kila rangi, kiasi kwamba weusi kamili hauonekani kamwe nje ya kivuli. Chupa ya masizi iliyomo katika seti ni nyeusi kupita kiasi. Ikitumiwa peke yake inaifanya injini ionekane kama kipande cha mkaa, na ribiti, mikanda ya boila na maungio ya mabati humezwa yote. Nimekuwa nikichanganya masizi na kijivu, karibu nusu kwa nusu, kwa sehemu ya juu ya boila na paa la chumba cha dereva, na kuacha masizi matupu kwa mdomo wa bomba la moshi na eneo dogo nyuma yake tu.

Kabla ya unga wowote kushika, uso wa mfano lazima uwe na mkwaruzo, na hili halikuandikwa popote kwenye kijikaratasi. Rangi ya kiwandani huwa laini, mara nyingi na mng'ao kidogo, na unga juu yake hukaa kama vumbi juu ya kioo. Kwenye behewa langu la kwanza niliyafuata maelekezo ya kupaka unga neno kwa neno, nikafurahishwa na matokeo, kisha nikalinyanyua kulirudisha kwenye reli, na alama za vidole vyangu viwili zikabaki safi pande zote mbili. La pili nilianza kwa kulipuliza vanishi isiyong'aa, tabaka moja jembamba, nikaliacha likauke usiku kucha, na tofauti ilikuwa kubwa mno: unga uliingia kwenye uso huo na kushika kiasi kwamba kuuondoa kulihitaji brashi yenye unyevu. Mtengenezaji anayeuza seti kwa wanaoanza alipaswa kuliweka jambo hili katika mstari wa kwanza.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni nyeupe ya chokaa. Kwenye Black Five maji ya kulisha boila huingia kupitia vali zilizo juu ya mgongo wake, na pale maji yanapovuja hutiririka ubavuni juu ya bati lenye joto, yakakauka kabla hayajafika chini na kuacha chumvi zake. Matokeo yake ni michirizi ya kijivu cheupe inayoanza mahali pamoja, chini ya vali, ikashuka kwa mkunjo wa boila, ikitanuka kidogo, ikikatizwa na ukanda wa boila na kuendelea upande wa pili ikiwa imefifia. Nilitumia brashi namba sifuri iliyolowanishwa kwa alkoholi ya aizopropili, nikachora mstari mmoja mwembamba kuliko nilivyodhani unahitajika, nikasubiri. Ukiwa na unyevu, mstari huo hauonekani kabisa. Ndipo alkoholi inapokauka, weupe ukachomoza polepole, na hapo mtu hushtuka kwa jinsi ulivyo mwingi. Nilifuta mara tatu. Mara ya nne niliongeza kijivu ndani ya nyeupe, nikachora michirizi mitatu yenye urefu tofauti badala ya mmoja, nikauvuta mwisho wa kila mmoja kwa brashi kavu kuelekea chini, na boila ile ya plastiki ikaanza kuonekana kama chombo kilichochemsha maji kwa miaka thelathini.

Kahawia ya vumbi la breki nayo imetengenezwa na mtu aliyeiona reli kwa karibu. Viatu vya breki vya chuma cha kusubu, vikisuguana na magurudumu, hutoa vumbi jembamba la chuma ambalo hushika kutu mara moja, likatua kwenye chasisi, kwenye ngazi na sehemu ya chini ya ubavu wa mabehewa, na hata kwenye mataruma na pande za reli. Ndiyo maana treni nzima, bila kujali rangi zake za asili, huwa na ukanda mmoja wa kahawia chini unaoiunganisha na njia inayopita. Niliipaka rangi hii kwa injini na mabehewa yote sita siku moja, kutoka chupa moja, na ninaamini hatua hiyo pekee ilifanya zaidi kuliko nyingine zote kuyafanya magari saba yaliyotoka kwenye masanduku tofauti yaonekane kuwa treni moja. Tahadhari pekee ni kwenye duara la gurudumu linalogusa reli: kwenye treni halisi hung'aa kwa msuguano, na kwenye mfano ndipo umeme unapopita, kwa hiyo halipaswi kuguswa na unga wala vanishi.

Chungwa ya kutu mpya ndiyo chupa iliyonikasirisha. Ni kali mno, na picha iliyoko juu ya sanduku inaonyesha behewa lililopakwa hiyo kila pembe. Kutu iliyokaa huwa ya kahawia nzito inayokaribia zambarau, na uchungwa huonekana tu mahali palipochubuka karibuni. Mabehewa ya makaa ya tani 16 yanalionyesha hili vizuri: ndani yake makaa yalikwangua rangi kila safari, na salfa iliyo katika makaa yaliyolowa iliharakisha kutu, kwa hiyo ndani palikuwa pa kahawia kutoka ukingo hadi sakafu, si peusi kama wengi wanavyopaka kwa kufikiria makaa. Nje, kutu ilianza kwenye maungio ya kuchomelea, kwenye pembe za chini na mahali bati lilipobonyea, ikawa doa lenye kitovu cheusi na pembezoni hafifu, kisha mvua ikauvuta mchirizi mmoja chini yake. Nimefanya madoa hayo kwa kahawia nzito ya seti, nikitumia ncha ya kijiti cha meno kwa kitovu, na chungwa nikaiweka katika sehemu mbili tu kwa behewa zima. Kwenye behewa la nne nilifunika ubavu wote kwa kutu lakini nikaacha kipande cheusi chenye namba kikiwa kisafi, kwa kuwa namba ilihitajika kusomeka na mara nyingi ilipakwa upya peke yake, na hadi leo ndilo behewa ninalolitazama kwanza treni inapopita.

Sasa kimiminika. Maelekezo yanasema kidondoshwe juu ya unga na kiachwe kikauke. Nilifanya hivyo kwenye behewa la sita baada ya jioni mbili za kazi, na asubuhi nilikuta nusu ya rangi imetoweka, huku kimiminika kikiwa kimekusanya iliyobaki katika duara zenye kingo ngumu, mfano wa alama za tone la chai mezani. Nilijaribu tena kwa kiasi kidogo kwenye kipande cha plastiki, na matokeo yakawa yaleyale. Alkoholi ya aizopropili iliyodondoshwa kwa brashi karibu na unga, na kuachwa ijivute yenyewe, hushikisha vizuri zaidi na haiachi kingo. Hata hivyo, iwapo vanishi iliyo chini ni ya aina ya lakeri isiyong'aa, alkoholi hiyo huweza kuigeuza kuwa na ukungu mweupe. Kupuliza tena tabaka jembamba la vanishi ileile kwa kawaida huuondoa. Sehemu ambazo vidole havifiki, kama vile juu ya chasisi na nyuma ya ngazi, sizigandishi kabisa, kwa sababu unga usiofunikwa na kitu chochote una ukavu ambao hakuna vanishi inayoweza kuuiga.

Jambo jingine ambalo sanduku halikulitaja ni kwamba unga mweusi wa seti hii huvutwa na sumaku. Niligundua nilipoweka chupa karibu na sumaku ya bisibisi yangu na kuuona unga ukisimama kama manyoya. Oksidi nyeusi ya chuma ina tabia hiyo, na mota ya injini ina sumaku ndani yake, kwa hiyo tangu siku hiyo ninatenganisha bodi na chasisi kabla ya kazi, na chasisi ninapoichakaza ninaziba uwazi wote wa gia kwa mkanda wa karatasi. Kinga ya pua na mdomo pia ni ya lazima, hasa wakati wa kupuliza vanishi, na alkoholi isiwe karibu na moto.

Brashi mbili zilizomo ni ngumu na zinang'oka nywele. Nilizitupa.

Chupa hizi zinauzwa pia moja moja, na ndivyo nitakavyozinunua safari ijayo: majivu mbili, vumbi la breki, kahawia nzito na nyeupe ya chokaa. Masizi niliyonayo yatanitosha kwa injini nyingine tano, na chungwa, kwa jinsi ninavyoitumia, sidhani kama nitaiona sehemu ya chini ya chupa yake. Behewa la sita nimelisafisha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na mswaki laini, kimiminika kikatoka chote bila kudhuru rangi ya kiwandani, na tayari limepulizwa vanishi likingoja kuanza upya.