Dar–Mwanza kwa ndege, inalipa?

Jamani mnaouliza kama ndege ya Dar kwenda Mwanza inalipa, mi nasema inalipa sana. Kwa anga ni kama kilomita 850 tu, jeti inaruka lisaa na nusu hivi, wakati basi linazunguka Moro, Dodoma, Singida, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, unatoka alfajiri unaingia usiku mgongo umekufa ganzi. Kampuni niliyopanda siitaji, huduma ndani safi, wahudumu wana lugha nzuri, ila walichelewa kuruka na hakuna aliyekuja kutuambia kitu, kuna mama ana mtoto mchanga anahangaika nae pale mpaka abiria wenzie ndo wakamnunulia maji, hiyo haikubaliki kabisa. Omba siti ya dirishani, mkikaribia kutua unaliona ziwa na yale mawe yamebebana mpaka majini, raha sana. Kwenye hesabu zako weka na foleni ya Dar kufika eapoti, na kule uwanja uko Ilemela sio mjini kati, teksi patana bei kabla hujapanda. Tiketi kata mapema, Desemba bei zinapaa balaa.