Hotel del Coronado: chukua chumba cha jengo la zamani, bahari utaiona tu

Kama unaenda Hotel del Coronado na hela yenyewe ni ya kuhesabu, nakwambia mapema kabisa, usiimalizie kwenye chumba kinachotazama bahari. Iweke kwenye chumba cha jengo la zamani, lile wanaloliita The Victorian, hata kama dirisha linaangalia ndani. Mimi na mume wangu tulibishana sana hapo maana yeye alitaka balkoni na mawimbi, mimi nikasema mawimbi yapo hapo chini bure, tukalala kwenye hilo jengo la zamani, na mpaka leo ananiambia nilikuwa sahihi (sijamlazimisha).

Kwa asiyeijua, iko Coronado, ng'ambo ya San Diego, California, imekaa mchangani kabisa usoni pa bahari ya Pasifiki. Ni jumba la mbao, nyeupe lote na mapaa mekundu, na lile mnara kubwa la duara unaliona kutoka mbali sana. Walianza kujenga Machi 1887, na Februari 1888 wageni wakawa wanaingia, yaani mwaka haukuisha, jumba la ukubwa ule, enzi zile, na likafunguliwa likiwa na taa za umeme tayari! Siku hizi hoteli ni kama kijiji, kuna The Cabanas, kuna The Views, kuna Shore House, kuna Beach Village, vyote vizuri na vyumba ni vikubwa zaidi, lakini kiukweli chumba kizuri cha kisasa pembeni ya bahari unaweza kukipata sehemu nyingi tu duniani. Jumba la mbao la 1888 ambalo bado linapokea wageni na kuwapa funguo, hilo utalipata wapi?

Kufika ni rahisi. Wengi wanapita lile daraja la bluu lililofunguliwa 1969, limepinda juu ya ghuba na liko juu kwelikweli ili meli za jeshi la majini zipite chini yake, ukiwa mwoga wa urefu angalia mbele. Sisi kurudi tulipanda feri, ni kama robo saa tu mpaka katikati ya San Diego na mji wote unauona vizuri. Ila ujue feri inatia nanga upande wa ghuba, siyo upande wa hoteli, kwa hiyo kuna mwendo mzuri wa kutembea kupitia Orange Avenue au uchukue basi, na kama una mabegi ya kukokota usijitese.

Sasa ndani. Aisee lobi ile! Mbao nyeusi nyeusi kuanzia nguzo mpaka dari, mwanga wa njano, na ile lifti ya kizamani ya vyuma vya wavu ipo, watu wanapanga foleni kuipiga picha. Wamemaliza ukarabati mkubwa sana juzijuzi hapa, miaka kadhaa ya kazi na mamia ya milioni za dola, na nilichokipenda ni kwamba hawakuligeuza jumba kuwa jipya, wamelirudisha lilivyokuwa, hata kile kibaraza cha mbele kimerudi. Halafu usiondoke bila kuchungulia Crown Room, ukumbi wa chakula wa tangu mwanzo. Dari yake ni ya msonobari, iko juu kama mita 10 na imejipinda kama sehemu ya ndani ya jahazi lililogeuzwa, inasemekana waliiunga kwa vigingi na gundi bila msumari, na taa zinazoning'inia zina umbo la taji. Nilisimama pale shingo imenikakamaa nikitafuta maungio na sikuyaona.

Chumba chetu kilikuwa kidogo, nisiwadanganye, ni cha kipimo cha watu wa zamani, ila kitanda safi, bafu la kisasa, na dirisha linatazama bustani ya katikati ya jumba. Jioni taa zikiwashwa kwenye zile varanda za ghorofa zote, pande zote nne, watu wametoka na glasi zao wamekaa, unaona kabisa kwamba hili jumba lilijengwa kwa ajili ya watu kukaa nje na kutazamana. Usiku mbao zinalia. Mtu akipita koridoni unamsikia, upepo ukipiga unausikia, mimi nililala kama mtoto ila mume wangu kila mlio alikuwa anakaa kitandani, na sababu yake ilikuwa chumba 3327.

Hiyo stori kila mtu pale atakuhadithia. Novemba 1892 alikuja mwanamke peke yake, akajiandikisha kwa jina ambalo siyo lake, baada ya siku chache akakutwa amefariki kwenye ngazi za kuelekea ufukweni, baadaye ikajulikana anaitwa Kate Morgan. Tangu hapo watu wanasema bado yupo kwenye hicho chumba alichokaa, taa zinazimika zenyewe, sijui pazia linacheza, na kuna wageni wanaoomba chumba hicho hicho kwa makusudi! Kwangu mimi ni habari ya msichana aliyekuwa na shida na hakuwa na mtu, imenihuzunisha kuliko kunitisha. Lakini kama unaenda na mtu mwoga usimwambie mpaka mmesharudi nyumbani.

Ufukwe ni mpana ajabu, mchanga laini una vijichembe vinavyometameta jua likiupiga. Na ni wa umma, sio wa hoteli, kwa hiyo hata usiye mgeni wao unaweza kuja kutandika kanga yako, ukaogelea, ukapiga picha na yale mapaa mekundu nyuma yako. Ndio maana nikasema usilipie bahari. Hata zamani ilikuwa hivyo kwa namna fulani, kuanzia 1900 mpaka 1939 palikuwa na kijiji cha mahema hapo kusini kidogo kwa wale ambao bei ya hoteli iliwashinda, wanafaidi upepo ule ule. Maji lakini ni baridi, jamani, Pasifiki ya California haina huruma, nilifika magotini nikatoka. Na kabla hujaingia soma vibao, kuna siku maji taka kutoka upande wa mto Tijuana yanasukumwa mpaka huku na wanakataza watu kuogelea, hilo haliko mikononi mwa hoteli. Kelele za ndege za jeshi nazo zipo, kituo chao kiko jirani kabisa, watoto wanashangilia, mzee aliyelala kwenye kiti hashangilii.

Bei ni ya kifahari, hakuna la kuficha. Mbali na chumba kuna ada ya rizoti kila usiku, kuna kodi, kuna parking ya kulipia, jumlisha vyote ndio ulinganishe na kwingine. Chakula tulikula mara moja moja hapo, mara nyingine tulitoka tukatembea Orange Avenue ambako migahawa imejaa na bei inapumua kidogo. Wafanyakazi sina neno, tulifika mapema, kuingia chumbani ni saa 10 jioni, wakatupokelea mabegi na kutuelekeza pa kukaa bila kununa.

Tarehe nayo ni muhimu. Mei na Juni mawingu yanaganda juu ya bahari mpaka mchana, wengine hawalioni jua kabisa, na Julai na Agosti watu ni wengi na bei iko juu. Ukiweza nenda Septemba mwishoni au Oktoba, katikati ya wiki, na ukibuku mwambie mtu wa simu wazi kabisa unataka The Victorian, ghorofa ya juu, ili usiwe na mtu anayetembea juu ya kichwa chako.