Dirisha la Vioo Viwili Likichoka: Njia Sita, Kuanzia ya Kujaribu Kwanza

Ukungu ukishika katikati ya vioo viwili, ule usiofutika hata upanguse ndani na nje, maana yake ni moja: gundi ya pembezoni imeachia na hewa yenye unyevu imepenya. Haina maana kwamba dirisha zima limekufa. Hapa ndipo wenye nyumba wengi hupoteza fedha bila sababu, kwa kuwa anayeitwa kuja kutazama ni muuzaji, na mzigo alionao ni madirisha mazima. Kumbe kilichoharibika ni kioo tu, kitu ambacho kwa dirisha la kawaida fundi hukitoa na kuweka kingine kwa muda mfupi, fremu ikiwa palepale ukutani.

Kioo kikiharibika, badilisha kioo. Fremu ikiharibika, ndipo ung'oe dirisha. Njia sita zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata kanuni hiyo, lakini kabla ya kununua chochote ujue kwanza kinachoumwa ni nini.

Ukungu uko upande gani?

Pangusa kwa kitambaa upande wa chumbani. Ukifutika, tatizo ni unyevu wa nyumba: mapishi, maji ya moto ya kuogea, nguo zinazoanikwa ndani. Ruhusu hewa ipite, hakuna kioo cha kununua hapo. Pangusa nje. Ukifutika huko, na ukawa hutokea alfajiri baada ya usiku usio na mawingu, hiyo ni dalili njema: joto la nyumba halifiki kwenye kioo cha nje, nacho kimepoa kuliko hewa inayokigusa. Watu huyalalamikia madirisha mapya kwa jambo hili, na hayana kosa.

Usiofutika popote ndio wa katikati. Ili kuuelewa, tazama jozi ya vioo ilivyoundwa. Vioo viwili, mara nyingi vya milimita 4 kila kimoja, hutenganishwa na ufito wa alumini au wa plastiki ngumu unaozunguka pembezoni. Nafasi kati yake huwa milimita 16 au 20, hivyo unene wa jozi nzima ni 24 au 28. Ndani ya ufito mna chembechembe za kunyonya unyevu, za jamaa moja na zile za kwenye vipakiti vidogo ndani ya maboksi ya viatu. Ufito hushikwa kwenye vioo kwa mkanda mweusi wa butili unaozuia mvuke usipite, na nje yake huwekwa gundi nzito, ya silikoni au polisalfaidi, inayozuia jozi isifumuke. Katikati hujazwa hewa kavu au gesi ya agoni.

Jua likipiga, gesi hiyo hutanuka na vioo huvimba kidogo, usiku husinyaa. Gundi huvutwa na kuachiwa hivyo kila siku. Iliyotengenezwa na kufungwa vizuri huvumilia miaka 20 na zaidi. Inayokufa ndani ya miaka mitano au sita mara nyingi imeuawa na maji yaliyotuama chini ya kioo, kwa sababu gundi hizi hazikuundwa kukaa zimelowa.

Mwanzoni chembechembe hunyonya unyevu unaopenya, kwa hiyo huoni kitu. Zikishashiba, ukungu huja asubuhi za baridi na kutoweka mchana. Wengi hudhani dirisha limepona. Halijapona. Baadaye yatakuja matone, kisha weupe kama wa chumvi unaokwangua uso wa kioo wenyewe, na kwenye vioo vyenye utando wa kuzuia joto utaona madoa ya kijivu. Kioo kikifika hapo hakisafishiki tena.

Dalili nyingine husahaulika: simama pembeni ya dirisha na utazame taswira ya mti au nguzo juu ya kioo. Ikipinda sana kuelekea katikati, au ukiona pete za rangi kama za mafuta juu ya maji, vioo vimebonyea mpaka vinakaribia kugusana. Jozi hiyo inaweza kupasuka yenyewe siku ya baridi, hata kama haina ukungu.

Kagua fremu, ndiyo mwamuzi

Funga dirisha juu ya karatasi, kisha uivute. Rudia pande zote nne. Ikishikwa, mpira na komeo vinafanya kazi. Ikiteleza upande mmoja tu, hilo ni suala la kurekebisha. Ikiteleza kote, huenda mpira umekauka.

Pima ulalo wa ubawa, yaani sehemu inayofunguka, kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 5 hivi, ubawa umekwenda upande. Kwenye fremu ya plastiki (PVC) tafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye viungo vya pembe. Rangi ya njano au unga mweupe juu yake ni suala la sura tu. Kwenye mbao choma pembe za chini kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, mbao imeoza, ingawa kipande kifupi kilichooza kinaweza kukatwa na kuungwa kingine. Kwenye alumini ya zamani tazama asubuhi ya baridi: fremu ikilowa kutoka juu hadi chini, haina kizuizi cha joto katikati yake, na kioo kipya hakitaiponya.

Halafu yako matundu ya maji. Maji ya mvua kupenya mpira kidogo si ubovu, fremu imeundwa kuyapokea na kuyatoa kupitia mipasuo midogo upande wa nje chini. Vumbi, wadudu, rangi au silikoni iliyopakwa mahali pasipotakiwa huziba mipasuo hiyo. Fungua dirisha, mimina kikombe kimoja cha maji kwenye mfereji wa chini, uone yanavyotoka. Yakisimama, umempata muuaji wa kioo chako, na usipozibua, kioo kipya kitakufa vilevile.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua pochi: soma ndani ya ufito. Viwanda vingi huchapa hapo jina na tarehe ya kutengenezwa. Udhamini wa jozi ya vioo mara nyingi huhesabiwa peke yake, tofauti na wa fremu, na huenda bado upo hai.

1. Kutengeneza vifaa, bila kununua kioo

Dirisha gumu kufunga, linalopitisha upepo au linalokwaruza chini, lakini kioo chake ni safi, halihitaji zaidi ya hapa. Ubawa ulioshuka kwa kawaida umepoteza kabari zake. Kioo ndicho kinachoushikilia ubawa usilale, mradi kiwekwe kabari za plastiki mahali pawili: chini upande wa bawaba, na juu upande wa komeo. Kabari hizo husukumana kwa mshazari, na ubawa huinuka. Ongeza milimita 1 au 2 kwenye kabari, funga ujaribu, ongeza tena ikibidi.

Bawaba za kuteleza hununuliwa kwa vipimo viwili: urefu, na kimo zikiwa zimekunjwa, ambacho mara nyingi ni milimita 13 au 17. Ukifunga ya 17 mahali pa 13, ubawa haufungi. Kwa komeo la ndani ya ubawa, pima kutoka uso wa bamba hadi katikati ya tundu la mkono wa kufungulia; milimita 20 na 22 hufanana sana machoni, lakini haziingiliani. Mpira nao una maumbo mengi, kwa hiyo chukua kipande cha sentimita 5 kama mfano. Unapouweka usiuvute. Kata mrefu kidogo kuliko nafasi na uusukumie ndani, kwa sababu mpira uliovutwa hujirudi na kuacha mianya pembeni.

2. Jozi mpya ya vioo kwenye fremu ileile

Kwa ukungu wa katikati na fremu nzima, hii ndiyo njia, na kwa nyumba nyingi ndiyo pekee inayohitajika. Tena si kurudisha tu kilichokuwepo. Jozi ya zamani isiyo na utando hupitisha joto la takriban wati 2.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Yenye utando na agoni hushuka mpaka karibu 1.1, unene ukiwa uleule. Kioo kimoja kitupu hupitisha karibu 5.8.

Kabla ya kuagiza, washa kiberiti cha gesi mbele ya kioo wakati kuna giza na uhesabu miali inayoakisi: minne kwa vioo viwili. Mmoja ukiwa na rangi tofauti, kioo chako tayari kina utando, basi agiza chenye utando pia, la sivyo dirisha hilo litaonekana tofauti na wenzake. Nyuso huhesabiwa kutoka nje: wa 1 hupigwa na mvua, wa 4 uko chumbani. Penye baridi, utando wa kutunza joto hukaa uso wa 3. Penye jua kali, ule wa kukinga jua hukaa uso wa 2. Omba pia ufito usio wa alumini, kwa sababu alumini hupitisha baridi na ndiyo sababu matone hupanga mstari chini ya kioo. Vioo vya karibu na sakafu, milangoni na bafuni viwe vya usalama. Vilivyoimarishwa kwa moto kiwandani (tempered) havikatiki tena baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo kipimo kisikosewe.

Kipimo bora ni cha jozi yenyewe ikiwa imetolewa. Ikiwa bado imo, toa vipande vinavyoibana, pima nafasi yote upana na kimo, kisha punguza milimita 10, yaani 5 kila upande. Unene ndio unaokosewa zaidi. Ukiagiza 28 penye 24, vipande vya kubania havirudi mahali pake.

Anza kutoa kipande kirefu zaidi, kwa patasi nyembamba, katikati yake ambapo hupinda kirahisi. Viandike namba. Safisha mfereji, zibua matundu. Kwenye dirisha lisilofunguka weka kabari mbili chini, kila moja sentimita 10 hivi kutoka pembeni, zenye upana unaolingana na unene wa jozi nzima. Ukweli ni kwamba kabari nyembamba imeharibu vioo vingi: hubeba kioo cha ndani tu, cha nje kinaning'inia kwenye gundi, na gundi hukatika taratibu. Kabari isizibe njia ya maji. Rudisha vipande vifupi kwanza, virefu mwisho, kwa nyundo ya mpira.

Njia hii ina mpaka mmoja. Fremu za zamani zilizochongwa kwa jozi ya milimita 14 au 20 hazipokei ya 24, na nafasi nyembamba kati ya vioo haizuii joto vizuri kama nafasi pana.

3. Dirisha jipya zima

Hapa ni pale fremu iliposhindwa: viungo vimepasuka, mbao imeoza kwa urefu, alumini haina kizuizi cha joto, au fremu inacheza ukutani. Linganisha bei kwa kiasi cha joto kinachopitishwa na dirisha zima, si na kioo peke yake. Wauzaji hupenda kutaja 1.1 ya kioo, lakini ukijumlisha fremu namba hupanda. Alumini ni nyembamba na imara kwa madirisha mapana, PVC huzuia joto kwa gharama ndogo, mbao hudumu ikipakwa rangi kwa wakati. Pima tundu la ukuta mahali patatu kwa upana na patatu kwa kimo, chukua kipimo kidogo kabisa, upunguze milimita 10.

4. Dirisha la pili upande wa chumbani

Kwa anayesumbuliwa na kelele, hii inapanda mpaka nafasi ya kwanza. Kinachozuia sauti ni nafasi pana kati ya vioo, milimita 100 na zaidi, ambayo jozi ya kawaida haiwezi kuipata. Pia husaidia pale ambapo fremu hairuhusiwi kuguswa.

5. Vioo vitatu

Ni bora kwa baridi kali, wati zinazopita hushuka hadi 0.6 au 0.8. Tumeviweka chini kwa sababu ya uzito. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo vitatu vya milimita 4 ni kilo 30 kwa mita moja, dhidi ya 20 za viwili. Bawaba za zamani hazivibebi. Vinunue tu ukiwa tayari unabadilisha fremu.

6. Kutoboa na kukausha

Kioo hutobolewa tundu dogo, unyevu hukaushwa, kisha huwekwa kizibo chenye upenyo. Ukungu huondoka kwa muda, lakini agoni hairudi, gundi iliyoachia imebaki vilevile, na madoa yaliyokwangua kioo hayatoki. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hupasuka chote mara kinapotobolewa. Fedha hiyo iwekee jozi mpya.

Siku ya kukabidhiwa, kwa njia yoyote uliyochagua, simama mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kioo mchana na utafute mikwaruzo, vuta karatasi pande zote nne, na mimina kikombe cha maji kwenye mfereji fundi akiwa bado hajaondoka.