Kitalu cha miche barabara ya Bagamoyo, nawapa nyota nne

Wakuu kama uko Dar na chumba chako kinapigwa na jua la saa tisa mpaka ukuta unachoma, kabla hujaulizia bei ya AC pita kwanza kwenye vile vitalu vya kando ya barabara ya Bagamoyo. Mimi nachukulia kwenye kimoja upande wa Mbezi Beach na nawakubali sana, muuzaji hakupi mche mpaka akuulize jua la mchana linapiga ukuta gani na shimo la choo liko wapi.

Mimi nilifuata miashoki, akasema miashoki inapendeza kwenye fensi ila imenyooka juu tu kivuli hamna, chukua mwarobaini upande magharibi, uwe mbali na msingi na shimo maana mizizi yake inatembea. Na yuko sahihi, kuna utafiti wa Sacramento kule California ulitoka 2009, miti iliyo magharibi na kusini mwa nyumba ilipunguza umeme wa kiangazi kama asilimia 5, ya kaskazini ikaongeza kidogo. Huku kwetu jua la saa sita linapita karibu na utosi, linalochoma ukuta ni lile la saa tisa likishuka, kwahiyo magharibi ndio penyewe.

Sasaivi mti umepita dirisha, feni inatosha kabisa na LUKU inakaa. Halafu sio kivuli tu, majani yanatoa mvuke na huo mvuke ndio unapooza hewa, turubai haliwezi kukupa ule ubaridi hata siku moja. Masika nayo pale chini maji yanazama, hayakimbilii kwa jirani.

Wenye nyumba za kuuza nao wasikilize, Portland Marekani watafiti walikuta miti ya barabarani mbele ya nyumba inapandisha bei kwa dola 8,870 kwa wastani, hiyo ni 2010. Halafu huku mtu anakata mwembe mkubwa ili amwage zege uwanja mzima, inaniuma kweli.

Nyota moja nimekata kwasababu baadhi ya miche imekaa kwenye viriba muda mrefu mpaka mizizi imejiviringa, hiyo ukipanda inadumaa, kwahiyo geuza kiriba uangalie chini kabla hujalipa. Bajaji ya kubebea unalipa mwenyewe. Nenda mwishoni mwa Februari upande mvua zikianza, na samadi chukua hapohapo, yao imeoza vizuri.