Uzoefu wangu: kumjua mtengenezaji wa bodi ya basi kwa macho

Alama ninayoipa maksi ndogo kuliko zote ni nembo ya mbele. Nyota ya Mercedes au jina la Scania kwenye shoo (wavu wa mbele) mara nyingi humtaja mwenye chesi, yaani fremu ya chini yenye magurudumu, na injini, si aliyejenga bodi. Volvo B11R na Mercedes O500, kwa mfano, huuzwa chesi tupu, kisha Marcopolo wa Brazil, Irizar wa Hispania au mjenzi mwingine akaivalisha bodi. Ndiyo maana mabasi mawili yenye nembo moja yanaweza yasifanane hata kidogo. Setra, mabasi ya Ujerumani, ni habari nyingine: jina lenyewe limefupishwa kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya "linalojibeba", kwa kuwa tangu S 8 ya mwaka 1951 bodi ndiyo inayobeba uzito, hakuna chesi ya peke yake chini yake.

Mimi huanza ubavuni, nikaenda nyuma, uso nauacha mwisho. Bampa, shoo na fremu za taa ni faiba. Basi likigonga, au mwenye nalo akitaka lionekane jipya, uso wa toleo jipya unabandikwa kwenye bodi ya zamani na wapita njia wanaamini. Madirisha hayachezewi hivyo. Nguzo zilizo kati ya vioo ni mabomba ya pembe nne yaliyochomelewa kwenye fremu. Kuhamisha moja tu ni kukata fremu, kutafuta kioo cha kipimo kingine na kubadili bati. Nani atajisumbua? Kwa hiyo saini ya mjenzi iko hapo: mwinamo wa nguzo ya kwanza nyuma ya dereva, upana wa kila kioo, na pale mstari wa chini wa vioo unapopanda au kushuka. Plaxton Paramount ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1982, inajulikana kwa kidirisha kidogo cha mshazari karibu na mbele. Setra TopClass ya mfululizo wa 400 ina utepe wa alumini unaokata ubavu kwa mshazari. Ukishauona mara moja huhitaji tena kusoma jina.

Ukishuku uso wa kubandika, simama ubavuni, jicho likiwa usawa wa taa, ufuate mwanya kati ya faiba ya mbele na nguzo ya kwanza. Kwenye uso wa asili mwanya ni mwembamba na sawa toka juu hadi chini, na mkunjo wa bati unapita bila kukatika mpaka chini ya madirisha. Wa kubandika hupanuka kwa chini, una puti chini ya rangi, na mkunjo unakatika kama ngazi.

Namba za modeli nazipenda kwa sababu unaweza kuzihakiki papo hapo. Setra S 415: 4 ni mfululizo, 15 ni safu za viti, kwa hiyo hesabu migongo ya viti ukiwa nje. Irizar Century 12.35 ni urefu wa mita 12 na kimo cha mita 3.5. Paramount 3200 na 3500 ni kimo kwa milimita. Kwa Marcopolo, herufi LD maana yake dereva amekaa chini kuliko abiria, na DD ni ghorofa. Namba ikikataa kulingana na basi lenyewe, kibandiko kimetoka kwingine.

Taa za nyuma? Za duara hazithibitishi chochote, maana wajenzi wengi hununua kwa muuzaji mmoja, kama Hella. Saitimira na vifuniko vya magurudumu ndiyo kabisa, vinabadilishwa kwa bisibisi na spana. Upande uliko wavu wa rejeta nao huamuliwa na chesi, si na mjenzi wa bodi.

Chapa iliyo kwenye kona ya kioo inahitaji uangalifu. E na namba ndani ya duara huonyesha nchi iliyoidhinisha kioo (E1 Ujerumani, E9 Hispania, E11 Uingereza), na 43R ni kanuni ya vioo vya usalama. Haimtaji mjenzi wa bodi. Faida yake ni kwamba vioo kumi vikiwa na chapa moja na kimoja kikiwa na nyingine, hicho kimebadilishwa, usikitumie kama ushahidi.

Namba ya chesi ina herufi na tarakimu 17, na tatu za kwanza humtaja mtengenezaji: YV3 ni mabasi ya Volvo ya Sweden, WKK ni Setra, LZY ni Yutong. Kwa chesi iliyovalishwa na mwingine haikusaidii kumjua huyo mwingine. Tafuta kibati cha mjenzi huyo kwenye ngazi za mlango au karibu na kiti cha dereva. Kikiwa kimepakwa rangi usikikwangue. Weka karatasi nyembamba juu yake, lalisha penseli usugue taratibu. Herufi zilizogongwa zitajitokeza.