Tathmini: Filimbi ya Acme 211½ na Mawindo ya Bandia kwa Mbwa Mchanga wa Kuwinda

Kwa muda wa miezi kumi sasa ninamfunza mbwa dume wa jamii ya Labrador katika shamba letu la Muyuni, Kusini Unguja, kwa vifaa vitatu alivyoniletea ndugu yangu kutoka Uingereza: filimbi ya Acme ya namba 211½, mawindo mawili ya bandia yaliyoshonwa kwa turubai, ya kumrushia mbwa ayaokote, na kamba ya mita kumi. Huku kwetu tumezoea kumfunza mbwa mchanga kwa kumchanganya na mbwa wakubwa wa wasasi na kumwacha aige. Njia hiyo inamfaa mbwa wa kukurupusha nguruwe mwitu, lakini haimfai mbwa ambaye kazi yake ni kukaa kimya ubavuni mwa bwana wake, kutazama ndege anapoanguka, kisha kwenda kumwokota na kumleta mkononi bila ya kumjeruhi.

Kabla ya kuvieleza vifaa vyenyewe ni lazima nieleze nilikuwa natafuta nini, kwa sababu kipimo changu si kile cha mnunuzi wa Uingereza. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na sisi tuliosomeshwa kwa madhehebu ya Shafi tunajua masharti ya kufunzwa huko: aende akitumwa, asimame akizuiwa, na asile alichokikamata. Tunajua vilevile kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo kifaa kizuri kwangu ni kile kitakachonipa mbwa anayesimama, mwenye mdomo laini, yaani asiyebana windo kwa meno, na ambacho naweza kukipokea kutoka kinywani mwake kila siku bila ya kulowa mikono. Nilipompeleka mtoto huyu wa mbwa kwa ami yangu, aliyeanza kusasa tangu ujana wake, alimtazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza, “Yumo mbioni, ukamzuia, atasimama?” Nikamjibu, “Bado, ami.” Akasema, “Basi usimwingize msituni mpaka asimame.”

Nianze na filimbi, kwa kuwa ndiyo iliyonipa jibu la kumpelekea ami. Ni kitu kidogo cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, na namba iliyopigwa chapa juu yake ndiyo inayoeleza mlio wake, maana filimbi zote zenye namba ileile hulia sauti ileile, na ikipotea ukinunua nyingine ya namba ileile mbwa hatatambua tofauti. Faida hiyo niliiona kuwa ndogo mpaka nilipoanza kuitumia. Sauti ya mtu hubadilika: asubuhi ni ya upole, jioni imechoka, na siku ambayo mbwa amekimbilia kuku wa jirani ni sauti ya hasira, na mtoto wa mbwa akisikia hasira mara mbili au tatu hujifunza kwamba kumrudia bwana wake ni jambo la kuogopa. Filimbi haina hasira. Nilianza kwa kupuliza milio mitatu mifupi kila nilipomwekea chakula, na ndani ya wiki mbili alikuwa akiisikia hata akiwa nyuma ya minazi huja mbio masikio yakipepea.

Mlio mmoja mrefu ndio wa kusimama, nao ulichukua miezi. Nilimfundisha kwanza akiwa hatua mbili kutoka kwangu, nikipuliza na kunyanyua mkono huku nikimwamrisha “kaa”, kisha nikaongeza umbali kidogo kidogo, na kila alipokosea nilirudi nyuma badala ya kumpigia kelele. Wakati wa kusi, upepo unapovuma kutoka baharini na kuimeza sauti ya mtu ndani ya hatua hamsini, mlio huu ulimfikia kwenye hatua mia mbili, nilizozihesabu kwa miguu yangu. Asubuhi moja mwezi uliopita, pembezoni mwa kichaka cha maweni (ardhi ya mawe), paa mdogo aliruka mbele yetu na mbwa akamwandama. Nilipuliza mara moja. Alikwenda hatua tatu au nne zaidi, akageuka, akakaa, mwili wote ukimtetemeka na macho yakiwa kwangu. Jambo hili lina uzito kuliko starehe ya mwenye mbwa, kwa sababu ndani ya vichaka hivi anaishi paa nunga, mnyama adimu anayepatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na mbwa asiyezuilika ni hatari kwake, awe ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka au nje yake. Jioni ile nilikwenda kwa ami kumweleza.

Mawindo ya bandia hayakunifurahisha vivyo hivyo. Hayakutoka katika kiwanda kilichotengeneza filimbi, na aliyeyatengeneza sitamtaja. Ni vifurushi virefu vya turubai vilivyojazwa unga wa mbao, kila kimoja kikiwa na kikamba kifupi cha kurushia. Kikubwa kina uzito wa gramu mia nne na hamsini hivi, na kidogo nusu ya hapo. Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilimpa kile kikubwa akiwa na miezi mitano, wakati meno ya utoto yanapong’oka, na alipoanza kukiangusha njiani nikadhani ni ukaidi, mpaka nilipoona alama ya damu kwenye turubai na jino dogo limenasa kwenye mshono. Niliacha kurusha kwa wiki tatu nzima, na ninamwomba kila mwenye mbwa wa umri huo afanye hivyo hivyo, kwa sababu mbwa aliyeumia akibeba atabana kwa nguvu ili amalize haraka, na mdomo mgumu ukishaota haulainiki kwa urahisi.

Makosa mengine yalikuwa ya kifaa. Mbwa wa jamii hii asili yao ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, na maji kwao ni furaha, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi yetu hufanyika pwani maji yakiwa yanajaa. Unga wa mbao ulikunywa maji ya chumvi, kifurushi kikawa kizito na kuelea nusu yake tu, na safari ya tatu mshono ulifumuka karibu na tundu la kikamba, unga ukammwagikia mbwa kinywani. Kwa siku sita baada ya hapo alikuwa akikifikia kile cha pili, akikinusa na kukiacha. Tena kikamba chake ni kifupi mno, kwa hiyo hakuna njia ya kukipokea bila ya kushika turubai lililolowa mate, na kila zoezi liliishia kwa kuosha mikono kwa udongo.

Dawa niliipata kwa fundi wa kushona matanga, Kizimkazi. Nilimpelekea kile kilichofumuka, akakichana chote, akanishonea vitatu vipya kwa kitambaa cha tanga cha pamba na uzi aliopaka nta, na ndani yake akashindilia sufi niliyoiokota mwenyewe chini ya msufi wa shambani. Sufi haikunywa maji hata kidogo kwa miezi minne, na kifurushi huelea juu kabisa ya wimbi, mahali mbwa anayeogelea anapoweza kukiona. Kwa kuwa sufi ni nyepesi mno, tulitia kibao kidogo cha mti katikati ili kirushike mbali. Mkono wa kurushia ni kamba ya usumba yenye urefu wa dhiraa moja, na hapo ndipo ufundi wake ulipozidi matarajio yangu: usumba unakwaruza, mbwa hapendi kuuweka kinywani, hivyo amezoea kushika katikati ya kitambaa, nami hupokea kwa ncha ya kamba iliyo kavu. Vyote vitatu vilinigharimu shilingi 36,000.

Mwezi huu, kwa kibali, mbwa alileta njiwa wake wa kwanza wa kweli. Marisau ya bunduki yalimpata kwenye bawa, na mbwa alimfikisha kwangu akiwa hai, nikawahi kumchinja. Sehemu iliyoshikwa na mdomo niliiosha kama inavyopasa, na haikuwa na hata tundu moja la jino.

Kamba ya mita kumi inafaa mchangani peke yake. Kwenye maweni hunasa kila hatua na kumkaba mbwa shingo, nami sikuitumia tena baada ya mwezi wa kwanza.

Anayetaka kuagiza, aagize filimbi mbili zenye namba ileile, aziache zile za chuma, na azisuuze kwa maji matamu kila anapotoka pwani. Mawindo asinunue ya nje. Ampelekee fundi wa matanga sufi yake mwenyewe iliyokwisha kuchambuliwa kokwa, amwombe ashone mshono mara mbili kwenye ncha, na amweleze tangu mwanzo kwamba ni ya mbwa, ili atenge sindano na kitambaa chake mbali na kazi nyingine.