FL Studio kwa anayetaka kuingia muziki wa elektroniki: uanze na rimiksi au ngoma zako?

Wadau, hili swali la kuanza na rimiksi (kuutengeneza upya wimbo wa mtu) au ngoma yako mwenyewe linaulizwa kila siku, na mimi nimeitumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwa kazi zote mbili kwa muda mrefu tu, so acha niipitie kwa jicho hilo. Niseme mapema kwamba naipenda sana, ila kuna mahali inambeba mtu anayeanza na kuna mahali inamlemaza.

Tuanze na rimiksi maana ndo inayovuta wengi. Tangu toleo la 21.2 la mwaka 2023 unaweza kuitupia wimbo mzima ikautenganisha vipande vinne, yaani dramu, besi, vyombo vingine na sauti ya mwimbaji. Zamani ukitaka akapela, yaani sauti ya mwimbaji peke yake, ilikuwa uombe lebo (kampuni ya muziki), au usubiri shindano la rimiksi watoe stemu (hivyo vipande) zenyewe, au uhangaike na ikwalaiza (ya kupunguza na kuongeza sauti nzito na nyembamba) mpaka masikio yachoke na bado besi inasikika kwa nyuma. Sasa hivi ni kubonyeza na kusubiri kidogo. Ubora wake kwangu ni mzuri ila sio wa kila wimbo, dramu na besi zinatoka safi mara nyingi, shida iko kwenye sauti ya mtu iliyorekodiwa na mwangwi mwingi au waitikiaji wengi kwa nyuma, hapo unasikia kama mtu anaimba ndani ya maji hasa kwenye herufi za s na mwisho wa mistari. Usiihukumu ikiwa peke yake lakini. Iweke juu ya kiki (dramu nzito ya mdundo) na besi yako ndo usikilize, mara nyingi ule uchafu unafunikwa wote.

Kwenye kuvuta tempo (kasi ya wimbo) pia iko vizuri, ila hesabu zako ziwe sawa. Sauti ya bpm 115 (midundo kwa dakika) ukiipeleka kwenye muziki wa haus wa 124 hakuna atakayegundua, ila ukiichukua ya 95 ukailazimisha ifike 126 inaanza kutetemeka. Na wimbo wa bpm 85 unaingia kwenye mtindo wa drum and bass wa 170 bila kuuvuta kabisa maana ni mara mbili yake kamili, wengi hawaoni hilo wanaishia kuharibu sauti nzuri bure.

Sasa hapa ndo nataka tuelewane. Rimiksi inakupa melodi, maneno na hisia vikiwa tayari, wewe unabaki na gruvu (ule mdundo unaochezesha), mpangilio na ladha ya sauti. Hiyo ni nusu ya kazi ya prodyuza, na ni nusu ngumu, kwa hiyo anayesema rimiksi sio muziki nampinga. Na mlango unafunguka kweli, mcheki Imanbek, kijana wa Kazakhstan aliyekuwa anafanya kazi reli, rimiksi yake ya Roses, wimbo wa SAINt JHN, ilizunguka dunia na 2021 akachukua tuzo ya Grammy. Felix Jaehn naye, rimiksi yake ya Cheerleader, wimbo wa OMI, ilifika namba 1 Marekani 2015. Ila wimbo unabaki wa mwenyewe. Kawaida mrimiksi analipwa mara moja yakaisha, mgao wa utunzi anao mtunzi, na kama hukuomba ruhusa kabisa basi hata hicho hupati na ngoma inaweza kushushwa muda wowote. Programu kuweza kuitoa sauti haimaanishi umepewa haki nayo, na haki ziko mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe.

Upande wa ngoma zako sasa, hapa FL Studio ndo inaponimaliza. Piano rolo yake (ile sehemu ya kuchorea noti) sijaona ya kuizidi, unachora noti haraka, unaona noti za ala nyingine kwa kivuli huku unaandika besi, kwa hiyo hata asiyejua nadharia anaona kabisa noti zinapogongana. Maprodyuza wakubwa kama Martin Garrix na Avicii wametengenezea humu, sio programu ya watoto kama watu wanavyoisema.

Udhaifu wake ni ile tabia ya paterni, yaani vipande vifupi vya kurudiarudia. Unatengeneza lupu ya ba 8 (makundi manane ya midundo minne), inanoga, unairudia usiku kucha na wimbo hauendi popote. Programu haikusukumi utoke hapo, na nadhani ndo sababu watu wengi wana folda limejaa vipande na hawana ngoma hata moja iliyoisha.

Dawa ninayowashauri ni hii: fanya rimiksi mpaka mwisho, lakini kordi, besi na dramu uandike mwenyewe kila kitu, kilichotoka kwa mwenye wimbo kiwe ile sauti tu. Ikiisha, hifadhi nakala, halafu futa hiyo sauti. Kilichobaki ni chako na mpangilio wake umeshakamilika, intro ipo, dropu (pale mdundo unapolipuka) ipo, unachodaiwa ni melodi mpya ya kuongoza. Hapo ndo utajua kama biti yako inasimama au ilikuwa inaegemea mwimbaji wa watu. Mara ya kwanza inauma aisee, ila ndo inayomkuza mtu, na unatoka na kazi mbili, rimiksi ya kuonyesha uwezo na ngoma ya kupeleka lebo bila kesi na mtu.

Kuhusu kununua: ukishalipa, matoleo yanayofuata unapata bure maisha yote, hilo peke yake ni sababu kubwa. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi na kutoa wimbo ila huwezi kuufungua tena ukaendelea nao mpaka ulipie, so usianze kazi ya maana humo. Angalia orodha ya vilivyomo kwenye kila kifurushi kinachouzwa kabla hujalipa maana vitu havilingani, na kama unataka rimiksi hakikisha ulichochagua kina kutenganisha stemu. Ila kama lengo lako ni kupiga laivu jukwaani na kubadilisha vipande papo hapo, chukua Ableton Live, programu nyingine ya muziki, pale FL Studio inazidiwa.